Filamu adimu mtandaoni: ina mwenyewe, au haina?

Swali la msomaji: "Assalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa historia, skuli ya sekondari hapa Wete. Natafuta filamu tatu. Ya kwanza ni picha za habari za Disemba 1963, Zanzibar ilipopata uhuru, nataka kuwaonesha wanafunzi wangu. Ya pili ni Sangam, filamu ya Kihindi ambayo mzee wangu aliitizama ujanani na hadi leo ananiuliza kama bado ipo. Ya tatu ni Vuta N'kuvute, ambayo mtu ameniletea kiungo chake Telegram. Wenzangu skuli wanasema filamu isiyouzwa dukani haiibiwi, kwa sababu hakuna wa kumwibia. Mimi moyo hautulii. Nizitafute wapi, na ipi nikiichukua nitakuwa nimedhulumu?"

Waaleikum salaam, Mwalimu.

Hao wenzako wana nusu ya haki, na nusu nyengine ndiyo inayokunyima utulivu. Filamu kutouzwa hakuifanyi ikose mwenyewe. Na filamu kuwa na mwenyewe hakumfanyi kila aliyeitizama bila ya kulipa awe mwizi. Inategemea mwenyewe ni nani, anapatikana au hapatikani, na unachokichukua kinampunguzia nini. Filamu zako zote tatu zinakufikia kwa simu hiyo hiyo moja, lakini kila moja ina hukumu yake. Ya kwanza wenyewe wameiweka wazi, wewe unaikosa kwa sababu unaiita kwa jina lisilo lake. Ya pili muda wake wa ulinzi umekwisha kule ilikotoka, ingawa si wa kila kilichomo ndani yake. Ya tatu, kwa njia hiyo uliyoletewa, usiifungue.

Nianze na picha za uhuru, maana hapo ndipo watu wengi wanapokata tamaa bure. Ukiandika "uhuru wa Zanzibar" YouTube zitakuja hotuba za juzi na jana, nyimbo, na watu wanaobishana. Mkanda wa 1963 haukupewa jina na Mzanzibari. Ulipewa jina na karani aliyekaa London, akaupitisha kwenye mashine, akaandika kwa Kiingereza alichokiona: sultani, mgeni wa kifalme, gwaride, bendera inapanda. Basi utafute kwa maneno yake yeye. Andika "Zanzibar 1963", halafu ongeza neno moja baada ya jengine, si yote kwa pamoja: "independence", "Sultan Jamshid", "Duke of Edinburgh". Hilo la mwisho linafanya kazi kuliko unavyodhani, kwa sababu Prince Philip, mume wa malkia wa Uingereza na mwenye cheo hicho, ndiye aliyekuja kwenye sherehe za tarehe 10 Disemba, na kwa kamera za Uingereza yeye ndiye aliyekuwa habari. Sisi tulikuwa mandhari. Kwa sababu hiyo hiyo, ukitaka Unguja ya 1956 itafute kupitia ziara ya Princess Margaret. Utaona mitaa na nyuso za watu zilizopigwa kwa bahati tu, wakati mpiga picha akimfuata mgeni. Na ukiitaka Pemba, jaribu "cloves" na "clove harvest", kwani kwa watu wale Pemba ilikuwa karafuu na karibu hakuna chengine.

Pa kutafutia pako wazi. Kampuni ya British Pathé, iliyokuwa ikitengeneza picha za habari za kuoneshwa sinema kabla ya filamu kuanza, mwaka 2014 iliweka YouTube filamu zake 85,000. Mwaka uliofuata shirika la habari la AP, pamoja na mkusanyiko wa British Movietone, waliweka zaidi ya video 550,000. Hizo zimewekwa na wenye haki zao, zitizame na uwaoneshe wanafunzi bila ya wasiwasi. Usishangae ukikuta mkanda kimya kabisa. Vipande vingi vilivyobakia ni vile ambavyo havikuwahi kutumika wala kutiwa maelezo. Mimi hivyo ndivyo ninavyovipenda zaidi kwa darasa, kwa sababu hakuna sauti ya mtu wa London inayomwambia mwanafunzi wako afikirie nini. Izime sauti hata kwenye ile iliyo na maelezo, wape dakika mbili watizame, uwaulize wanaona nini. Halafu ndipo uwafungulie sauti, wasikie walioupiga walisema wanaona nini. Somo zima limo humo.

Mlango mwengine wa kubisha ni orodha iitwayo Colonial Film, iliyotengenezwa na taasisi za Uingereza, ikiwemo BFI, taasisi yao ya filamu, na Imperial War Museum. Ina maelezo ya filamu zaidi ya 6,000 za makoloni yao, na zaidi ya 150 kati ya hizo zinatizamika hapo hapo. Watu wanaona idadi hiyo ya pili, wanavunjika moyo, wanafunga. Wewe usifunge. Orodha inakupa jina halisi la filamu, mwaka, urefu wake na hifadhi inayoitunza. Ukiwa na vitu hivyo vinne unaweza kumwandikia mtunza hifadhi barua ya mistari mitano, na mtunza hifadhi akiona barua ya mwalimu anayejua hasa anachokitaka huwa anajibu. Ukimwandikia "naomba filamu za Zanzibar" hatajua aanzie wapi.

Kwa kuwa ni mwalimu wa historia, nikutajie na jengine lililo karibu. Kati ya 1935 na 1937, pale Vugiri kwenye milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba, na kuzizungusha kwa gari Afrika Mashariki yote. Zilitengenezwa filamu 35. Zinazojulikana kubakia ni tatu. Hizi hazikufichwa na mtu wala kuzuiliwa na sheria. Hakuna aliyeona sababu ya kuzitunza, basi. Ninapomsikia mtu anasema kila kitu kipo mtandaoni, huwa nazikumbuka hizo 32.

Tahadhari moja juu ya majina. Ukiandika tu neno Zanzibar utaangukiwa na filamu za hadithi za kubuni zilizobeba jina la kisiwa hiki. Kuna West of Zanzibar mbili: ya 1928 ya Tod Browning, iliyopigwa California, na ya 1954 ya Harry Watt wa Uingereza. Nimewaona watu wakishusha moja wakidhani ni nyengine, na wakiwapa wengine kwa jina hilo hilo, kosa likaenea. Tafuta daima kwa jina, mwaka na mwongozaji kwa pamoja. Na tizama tofauti ya haki zake: ile ya 1928 imekuwa mali ya umma Marekani tangu tarehe 1 Januari 2024, kwa kuwa miaka 95 imetimia, ya 1954 ina ulinzi bado. Jina moja, kisiwa kimoja, hukumu mbili.

Katika utafutaji huo huo utakutana na Africa Addio, ya Wataliano Jacopetti na Prosperi, iliyotoka 1966, ambayo ndani yake mna picha zilizopigwa kutoka angani hapa Zanzibar, Januari 1964. Kila ikifika Januari vipande vyake vinazunguka WhatsApp kama maji, bila ya jina, bila ya maelezo. Nakuomba usiwaoneshe wanafunzi wako kipande hicho peke yake. Hakimiliki ni sababu ndogo kabisa hapa. Walioko kwenye picha ile ni maiti za watu wenye watoto na wajukuu walio hai, na baadhi ya wajukuu hao wanaweza kuwa wamekaa darasani kwako. Filamu yenyewe ilitoka kwa sura zaidi ya moja: ipo ile ndefu ya Kitaliano, na ipo iliyokatwakatwa ikauzwa Marekani mwaka 1970 kwa jina jengine, ambayo waongozaji wenyewe waliikana. Kwa hivyo hata anayesema "nimeiona" hujui ameona ipi. Ukilazimika kuitumia, itumie na wakubwa wanaoweza kujadili nani aliipiga, kwa nini, na alitaka tuamini nini juu ya Mwafrika. Ukikosa nafasi ya mjadala huo, iwache.

Sasa Sangam ya mzee.

Mwambie ipo, na ipo nzima. Raj Kapoor aliitoa mwaka 1964, akaigiza yeye na Vyjayanthimala na Rajendra Kumar, na ni ndefu: inakaribia saa nne, hata sinema zilikuwa zinapumzika mara mbili badala ya moja. Urefu huo ndio utakaokusaidia. Ukipewa nakala, kabla ya kumuita mzee tizama dakika zake. Ikiwa ni saa mbili na nusu, imekatwa, na mara nyingi kinachokatwa ni nyimbo au safari yao ya Ulaya. Mzee aliyeitizama ikiwa nzima atajua, na utamvunja moyo. Tizama pia kama nyimbo zina sauti ile ile ya sehemu nyengine za filamu. Kuna nakala ambazo mtu amebandika juu yake nyimbo zilizosafishwa kutoka kwenye santuri, mdomo unakwenda huku na sauti huku. Ukipata manukuu, yale maandishi ya tafsiri chini ya picha, kwenye faili la pembeni na yakawa yanawahi au yanachelewa, usiitupe nakala. Kwenye VLC, programu ya kutizamia video, ya kompyuta bonyeza H kuyachelewesha na G kuyawahisha, kidogo kidogo mpaka yakae sawa.

Kuhusu haki yake: India inailinda filamu kwa miaka 60, ikihesabiwa kuanzia mwanzo wa mwaka unaofuata ule iliotolewa. Ya 1964 basi ilimaliza muda wake mwisho wa 2024. Lakini nyimbo zina hesabu yake mbali. Mashairi na muziki India vinalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 60 baada ya kufa kwake, na Hasrat Jaipuri, mmoja wa walioandika nyimbo za Sangam, alifariki 1999. Aliyeisafisha filamu upya naye anaweza kudai haki ya kazi yake hiyo. Maana yake kwako: mzee kuitizama nyumbani, hapana ubaya wowote ninaouona. Kuzikata nyimbo zake ukazifungulia chaneli yako ya kukusanya pesa za matangazo ni jambo jengine kabisa.

Wenye umri wa mzee wako watakuambia kwamba kugawana nakala hakukuanza na intaneti. Filamu kubwa ilipofika mjini, nakala moja ilioneshwa na sinema zaidi ya moja usiku mmoja: sehemu ya kwanza ikimalizika Majestic, kijana anaupakia mkebe kwenye baskeli, anakimbia nao hadi sinema ya pili ambako watu wamekaa wanaisubiri. Nalitaja kwa sababu kuna vijana wanaoniambia kushusha filamu ni kuendeleza mila hiyo. Hapana. Kule kila kiti kilikuwa kimelipiwa tiketi, na mwenye filamu alikuwa na hesabu yake.

Torrent, njia ya watu kugawana mafaili mtandaoni, nayo inahitaji maelezo, kwa sababu ukitafuta filamu adimu hutakwenda mbali kabla ya kukutana nayo. Njia hii ilibuniwa mwaka 2001 na Mmarekani Bram Cohen, na yenyewe si haramu. Watu wanapitishia programu huria na kumbukumbu za umma kila siku. Faili linakatwa vipande vidogo vidogo, na kompyuta yako inaviomba kwa watu tofauti walionavyo. Wengi hawajui lililo muhimu: wakati unaposhusha, wewe pia unapandisha. Kile kipande ulichokipata dakika tano zilizopita unampa mwengine, na humjui. Kwa hivyo anayeshusha kwa torrent filamu yenye mwenyewe hajajichukulia nakala tu, ameshakuwa msambazaji, na sheria za nchi nyingi zinamkamata mtu hapo hapo kwenye usambazaji. Kwa kifurushi cha simu kule Wete utaligundua hilo kwa njia nyengine: filamu ya megabaiti 700 itakula zaidi ya hizo, kwa kuwa ulichokitoa nacho kimehesabiwa. Na filamu adimu ina ugonjwa wake. Wenye nakala kamili ni wachache, pengine mmoja tu, naye huwasha kompyuta yake anapopenda. Unafika asilimia 97 na hapo unabakia mwezi mzima. Halafu zingatia mwisho wa jina la faili. Filamu huishia na mp4, mkv au avi. Ukiona exe au apk, kilichokuja kwako si filamu hata picha yake ya juu iwe nzuri namna gani, kifute.

Kabla ya torrent, pita Internet Archive, maktaba iliyoanzishwa 1996 na Brewster Kahle. Mna filamu nyingi za zamani ambazo muda wake umekwisha, na unazishusha moja kwa moja. Lakini hapo pia yeyote anaweza kupandisha, na kuwemo mle hakuifanyi filamu iwe huru. Soma nani ameiweka na amesema nini juu ya haki zake. Aliyeandika maelezo marefu, akataja nakala ameipata wapi, mara nyingi ni mtu anayejua alifanyalo. Aliyeandika "enjoy" peke yake, mtilie shaka.

Ninalotaka kulisema kwa uzito ni juu ya Vuta N'kuvute.

Filamu hii imetengenezwa kutokana na riwaya ya Adam Shafi, ikaongozwa na Amil Shivji, ikapigwa hapa hapa Zanzibar na kuoneshwa kwanza tamasha la Toronto mwaka 2021. Baada ya Maangamizi ya mwaka 2001, ndiyo filamu ya pili tu Tanzania kuipeleka kuwania Oscar. Miaka 20 na ushei kati ya moja na nyengine. Pima wewe mwenyewe ni shida kiasi gani kwetu kutafuta pesa, kukusanya watu, kushona nguo za miaka ya 1950, kufunga mtaa wa Mji Mkongwe ili mikokoteni ipite badala ya vespa. Watu hawa hawakupata studio kubwa ya kuwafidia. Pesa yao inarudi, kama inarudi, kutokana na oneshesho moja moja, ada ya kituo cha televisheni, leseni ya chuo kikuu fulani. Kila mnunuzi wa namna hiyo kabla ya kulipa huangalia kama filamu tayari inazunguka bure. Akikuta inazunguka, hulipa kidogo au halipi. Kwa hivyo kiungo cha Telegram hakimwibii mtayarishaji bei ya tiketi yako wewe ya Wete. Kinamwibia mazungumzo yake na mnunuzi ambaye wewe humuoni. Ndiyo maana ile hoja ya "mimi nisingeinunua hata hivyo" haitoshi.

Na hapa ile kauli ya wenzako, kwamba hakuna wa kumwibia, haina pa kusimama. Mwenyewe yupo, jina lake liko kwenye filamu, na ni jirani.

Kisheria, hakimiliki si jambo la Muungano. Bara wana sheria yao ya 1999 na COSOTA, ofisi yao ya hakimiliki. Sisi tuna Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya 2003 na ofisi yetu, COSOZA. Kwa hivyo kama una suali la sheria, la kuonesha skuli kwa mfano, uliza COSOZA, usichukue majibu ya mtu wa Dar es Salaam aliyesoma sheria nyengine. Sheria za hakimiliki kwa kawaida huacha nafasi kwa mafunzo ya darasani, lakini ukumbi wenye wazazi, wageni na kiingilio si darasa. Ukifikia hapo, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni nalo lina neno lake.

Umetumia neno kudhulumu, ambalo ni zito kuliko kuvunja sheria, na sitaki nilipite. Mimi si mwanachuoni, suala la dini mpelekee sheikh wako. Nitakutajia tu kwamba Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait cha Disemba 1988, lilipitisha kwamba haki za mtunzi ni haki zinazolindwa na sharia na haifai kuzivamia. Na kwa filamu ambayo mwenyewe hajulikani, ambayo kampuni yake ilikufa na warithi hawajulikani walipo, mimi huwafikiria mafakihi na kitu kilichookotwa: mwenye kuokota anakitangaza, mwaka mzima, mahali watu wanapokusanyika, na mwenyewe akitokea anarudishiwa. Umoja wa Ulaya ulipoandika sheria yake ya kazi zisizo na mwenyewe anayejulikana, mwaka 2012, uliweka sharti linalokaribiana nalo: maktaba na hifadhi zitafute kwanza kwa bidii, ziandike zilitafuta wapi, na mwenyewe akijitokeza apewe haki yake. Basi fanya hivyo. Andika kwenye daftari ulimwandikia nani na lini. Ukiiweka filamu mahali, iweke na jina lako na namba ya kukupata, useme wazi kwamba mwenyewe akitokea unaitoa siku hiyo hiyo. Anayepandisha kwa jina la bandia anaonesha kwamba hataki mwenyewe atokee.

Kuna filamu adimu nyengine ambazo hukuniuliza, lakini zimo nyumbani kwenu na naogopa zitapotea au zitatumiwa vibaya. Nakusudia mikanda ya VHS. Vituo vya televisheni vya zamani, hapa na duniani kote, vilikuwa vikirekodi kipindi kipya juu ya cha zamani kwa kuwa mkanda ulikuwa ghali. BBC wenyewe walifuta vipindi chungu nzima vya mchezo wao wa televisheni Doctor Who vya miaka ya 1960, na mwaka 2013 ikatangazwa kwamba tisa vimepatikana katika kituo cha kurushia matangazo mjini Jos, Nigeria. Kwa hivyo mkanda ambao mjomba alirekodi taarabu kutoka Televisheni Zanzibar, akauandika kwa kalamu ubavuni, unaweza ukawa ndiyo nakala pekee iliyobakia.

Uchukue, uufungue ule mlango mdogo wa mbele, uuelekeze kwenye mwanga. Utepe mzuri ni mweusi unaong'aa. Halafu uangalie kupitia dirisha, ukingo wa utepe ulivyojikunja: ukiona vumbi jeupe kama unga, hiyo ni ukungu, na visiwa vyetu hivi kwa unyevu wake vinaukuza vizuri sana. Usiutie kwenye mashine. Utaivuruga mashine na utaambukiza kila mkanda utakaofuata. Utenge, uuweke pakavu, umtafute anayejua kuusafisha. Ulio mzima unauhamisha kwenye kompyuta kwa kifaa kidogo cha kuunganisha na video, na ukishamaliza usiutupe. Weka nakala tatu, moja nje ya nyumba yako.

Lakini kabla hujauweka mtandaoni, utizame wote, mwanzo hadi mwisho. Mikanda mingi ya zamani inayoitwa "taarabu" ilipigwa kwenye harusi, ndani, siku ya wanawake. Bibi wa jirani yumo, nywele wazi, anacheza, ana miaka 25, na aliyekuwa nyuma ya kamera alikuwa dada yake. Alikubali kupigwa na dada yake, kwa kutizamwa na wanawake wenzake. Hakukubali kutizamwa na kijana wa Oman au wa Toronto miaka 30 baadaye kwenye chaneli iitwayo "Old Zanzibar Weddings". Nimeona mikanda kama hiyo ikipandishwa na watu wanaojiona wahifadhi wa utamaduni, na nimeona mama mtu mzima akilia kwa sababu mjukuu amemuonesha simu. Kisheria pengine hakuna aliyevunja kitu. Aliyepandisha ni mtoto wa aliyepiga. Kwangu mimi hiyo ni dhulma kubwa kuliko kushusha filamu yoyote ya Hollywood, na ni moja katika dhulma tunazozizungumza kidogo kabisa. Mkanda wa namna hiyo utunze, uuhamishe, uwape wenyewe nakala kwa mkono, na usiuweke wazi mpaka waliomo wakubali. Ukitaka sauti ya taarabu isipotee, toa sauti peke yake, umuulize mwimbaji au watoto wake.

Turudi kwenye zako. Kwa Sangam, kama kuna kijana wa duka la kunakili filamu huko kwenu mwenye nakala ya saa nne kasoro kidogo, mlipe kazi yake ya kukutilia kwenye flash na umpelekee mzee. Ila tizama na nini chengine anakipanga mezani pale; akiwa anauza filamu za vijana wa Unguja na Pemba kwa namna hiyo hiyo, mwambie, kwa adabu, yeye si mtu wa mbali nao.

Kwa Vuta N'kuvute, waandikie watayarishaji. Majina yao na ya kampuni yao yako kwenye maelezo ya filamu katika kurasa za matamasha yaliyoionesha. Waeleze wewe ni nani, skuli gani, wanafunzi kidato cha ngapi, siku gani, kwamba hakuna kiingilio, na kwamba mnasoma historia ya miaka hiyo hiyo ya mwisho ya ukoloni. Omba ruhusa ya oneshesho moja. Kama wana ada, waulize kiasi gani kwa skuli ya serikali, na uipeleke hesabu hiyo kwa kamati ya skuli. Tizama pia ratiba ya Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi, ambalo limekuwa likifanyika Unguja tangu 1998. Filamu za nyumbani hupata nafasi pale. Kile kiungo kifute, usikipeleke kwa mtu, na aliyekuletea mwandikie pembeni umwambie kwa nini, usimtaje kwenye kundi.

Za 1963 anza nazo leo usiku, bando likiwa rahisi. "Zanzibar 1963 Duke of Edinburgh." Ukikwama, niandikie jina halisi la mkanda kama lilivyo kwenye orodha, na mwaka wake.